Kipimajoto Kwenye Kiti cha Mgeni

Iko nchi moja, mbali sana na hapa, ambayo watu wake hawafanani na sisi hata kidogo, kwa hiyo msomaji asiwe na wasiwasi. Katika nchi hiyo jua lilikuwa jua la kawaida mpaka mwaka ule Mheshimiwa Mkuu wa Nchi alipochungulia dirisha la ndege yake na kuona mapaa ya makuti. Alishusha tu pazia. Waliofuatana naye wakaelewa, na kabla ndege haijagusa ardhi sheria ilikuwa imekwisha andikwa: kila nyumba iezekwe mabati, mabati yang'ae, nchi ipendeze kutoka juu.

Ikapendeza. Marubani wakaomba miwani myeusi. Chini ya mabati wananchi wakawa wanaiva polepole kama mkate wa kumimina, moto juu, moto chini.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa sikivu. Mwaka wa kwanza ilisikia kwamba kuna joto. Mwaka wa pili iliunda kamati ya kusikia vizuri zaidi. Mwaka wa tatu ilijenga Ukumbi wa Ubaridi katikati ya Mtaa wa Mabatini, wenye viyoyozi kumi na viwili, ili wazee na watoto wachanga wapate mahali pa kupumulia mchana. Ukumbi ulifunguliwa kwa utepe saa nne asubuhi na kufungwa kwa kufuli saa nne na nusu, maana ilibainika kwamba hakuna waraka wowote unaothibitisha kuwa mtaa ule una joto. Wakati uthibitisho unasubiriwa, ndani yaliwekwa mafaili ya Wizara ya Hali ya Hewa ya Majumbani. Karatasi, alieleza Mkurugenzi, ni kiumbe dhaifu, haivumilii. Mlinzi wa mlangoni alivaa sweta mbili na mafua hayakumwacha.

Hatua mia moja na kumi na mbili kutoka kwenye kufuli hilo aliishi Siwema na bibi yake mzaa mama, Bi Kidawa. Hatua hizo Siwema alizihesabu mwenyewe, kwa sababu alikuwa na shahada ya takwimu na kwa miaka minne hakuwa na kitu kingine cha kuhesabu.

Bi Kidawa alikuwa amehama kitandani. Alilala sakafuni, juu ya saruji tupu, na kadiri jua lilivyozunguka naye alizunguka, akifuata kipande cha sakafu ambacho hakijapata moto. Ikifika saa sita mchana vipande vilikuwa vimekwisha. Hapo alibaki mahali pamoja, macho wazi, akihema kifupi kifupi, na Siwema alikaa kando yake akimpepea kwa kifuniko cha sufuria. Hawakuzungumza. Mtaa mzima ulikuwa umeacha kuzungumza mchana. Hata kulalamika kulikwisha, kwa kuwa kulalamika kunatoa jasho.

Mganga wa zahanati alimpima Bi Kidawa, akavua vifaa vya masikioni, akasema, "Dawa yake ni baridi." Akafungua kabati, akalifunga. "Hapa sina."

Kwa hiyo Siwema alipopata barua ya kuajiriwa kuwa Mpima Joto la Ndani, Daraja la Tatu, aliisoma mara tano akitabasamu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Mtaa una nyumba thelathini na sita. Nyumba thelathini zikisoma zaidi ya nyuzi thelathini na nane, mtaa unatangazwa kuwa wa joto, kufuli linafunguliwa, na bibi anatembezwa hatua mia moja na kumi na mbili.

"Ni suala la kusema ukweli tu, bibi," alimwambia. "Wao hawajui. Wakijua watafungua."

Bi Kidawa alimtazama kwa huruma nyingi, kama mtu anayemtazama mtoto akimwagilia kijiti kikavu. "Inshallah, mama."

*

Mafunzo yalichukua siku moja. Saa tano kati ya hizo zilikuwa hotuba ya Mkurugenzi, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Fumbwe.

"Vijana wangu," alisema Mkurugenzi, "joto ni nini? Joto ni madai. Mwananchi anadai. Kazi yenu ni kuyageuza madai kuwa takwimu, na takwimu zina adabu zake. Mtapiga hodi mara tatu. Mtasubiri mkaribishwe. Kipimajoto mtakiweka mahali pa heshima sebuleni, juu ya kiti cha mgeni, dakika ishirini kamili. Kipimajoto hiki ni mwakilishi wa dola. Dola haikai jikoni! Dola haisimami uani!"

Makofi yakapigwa. Siwema naye alipiga.

Asubuhi ya Jumatatu akaanza kazi na Mama Zawena, mjumbe wa nyumba kumi, mwanamke mnene mwenye miguu myepesi kuliko mwili wake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Pazi, seremala mstaafu. Siwema alipiga hodi. Ndani kulisikika ndoo, mwendo wa haraka, kiti kikiburutwa, kisha sauti tamu: "Karibuuu!"

Aliingia akakuta sakafu imepigwa deki, bado inateleza. Madirishani zilitundikwa kanga zilizoloweshwa. Juu ya stuli feni ilizunguka kwa bidii, ikielekea kiti cha mgeni, na pembeni ya kiti palikuwa na jagi la ukwaju lenye barafu. Mzee Pazi alikuwa na shati lililopigwa pasi. Wajukuu zake walikaa safu moja ukutani, macho yamefumbwa, nyuso zimeelekezwa kwenye upepo.

Kipimajoto kikasoma ishirini na tisa.

"Mzee wangu, hapa ndani huwa hivi kila siku?"

"Aa, mwanangu, wewe ni mgeni," alisema Mzee Pazi. Akaona amejibu.

Nyumba ya pili ilisoma ishirini na nane. Ya tatu ishirini na nane na nusu. Kila nyumba ilikuwa na deki, kanga mbichi, jagi la ukwaju, na feni. Ilikuwa feni ya kijani, bawa moja limefungwa uzi mwekundu. Kwenye nyumba ya nne Siwema aligeuza shingo mapema kidogo, akamwona Mama Zawena akiingilia mlango wa uani, feni kwapani, waya ukiburuzika nyuma.

"Mama Zawena, hii si ndiyo feni ya kwa Mzee Pazi?"

"Feni zote zinafanana, mwanangu. Zote zinazunguka."

"Hii ina uzi mwekundu."

"Ee, na nyuzi nazo zinafanana." Akajifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Wewe unapima joto au unapima feni?"

Ukweli ni kwamba mtaa mzima ulikuwa na feni moja hiyo, mali ya wote, iliyonunuliwa kwa ajili ya misiba. Haikuruhusiwa kuwashwa kwa mwenyeji. Ilikuwa ya wageni.

*

Jioni Siwema aliwakusanya wakubwa wa nyumba zote na kuwaeleza taratibu, kwa upole. Aliwachorea nyumba, jua na kufuli.

"Nawaomba sana. Nikija msinipokee. Msinipigie deki, msiniletee feni. Niacheni nikute joto kama lilivyo, niliandike. Nyumba thelathini tu, ukumbi unafunguliwa."

Wakatazamana kama watu walioombwa kitu cha aibu.

"Yaani," alianza Mzee Pazi, "mgeni wa serikali aje anikute nimevua shati, nachuruzika kama mpika maandazi?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na aandike?"

"Na niandike."

"Na hiyo karatasi itabaki huko, na jina langu juu yake, wajukuu zangu waje waisome?"

"Binti wa watu kasoma mpaka kasahau kukaa na watu," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Kwa Pazi akaribishwe kwa feni, kwangu akaribishwe kwa mvuke. Mimi nimekukosea nini, Siwema?"

Wakacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. Mama Zawena alimpigapiga begani. "Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo uone tunavyokufa."

Na kwa kweli walipona, dakika ishirini ishirini. Mpima alipokuwa ndani, mtoto mwenye vipele vya joto aliacha kulia, na mama mja mzito alilala kwa kuegemea ukuta. Siwema alipokunja karatasi zake walimshika mkono. "Mbona unakimbia? Kaa kaa kidogo." Hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kupendwa hivyo katika historia ya nchi ile. Yeye alitoka kila nyumba akiwa amepoa, na kila nyumba ilibaki nyuma yake ikiiva.

Baada ya wiki tano wastani wa Mtaa wa Mabatini ulikuwa nyuzi ishirini na nane na nukta sita. Mkurugenzi alikuja mwenyewe kutoa tamko. Alisimama chini ya mwavuli, akipepewa na watu wawili.

"Takwimu zimesema!" alisema. "Wapo waliodai kwamba mabati yanachoma. Leo sayansi inatuambia wananchi wa Mabatini wanaishi katika ubaridi wa kiungwana, na serikali yenu haiwezi kukaa kimya mkitetemeka."

Siku ya tatu lori likaleta mablanketi mia mbili. Watu waliyapokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakapanga foleni kupigwa picha nayo. Wizara iliwaomba wajifunike vizuri, mpaka shingoni. Wakajifunika.

Siku hiyo Bi Kidawa alimwita Siwema kwa jina la mama yake Siwema, aliyekufa. Hakujirekebisha.

*

Jumanne iliyofuata Siwema alifanya jambo ambalo katika nchi ile halikuwa na jina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya. Aliingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Ilikuwa saa saba mchana. Alisukuma mlango wa Mzee Pazi akaingia. Sebuleni watu saba walikaa kimya, kila mmoja miguu ndani ya ndoo yake. Mzee Pazi alikuwa na kipande cha gunia lililoloweshwa kichwani, maji yakimtiririkia masikioni. Walikuwa wakitazama ukuta. Hapakuwa na kitu ukutani. Nyuso zao hazikuonyesha taabu wala chuki wala chochote, zilikuwa nyuso za watu waliotoka wakaziacha hapo. Siwema aliweka kipimajoto kwenye kiti, akasimama dakika tano kabla mmoja wao hajainua macho. Arobaini na tatu.

Ndipo Mzee Pazi alipomwona. Hakukasirika kwanza. Alijifunika kifua kwa mikono miwili.

"Siwema," alisema. "Hata mwizi hukohoa."

Aliingia nyumba thelathini na moja katika siku mbili. Alimkuta mama mja mzito amejikunja chini ya meza, shavu juu ya saruji, na alimkuta Mama Zawena mwenyewe amejiegemeza mlangoni bila hata kilemba, mdomo wazi, na alipomwona hakusema utani wowote. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Arobaini na moja. Aliziandika zote kwa mwandiko mzuri, akazipeleka Wizarani akiwa na furaha ya mtu anayepeleka mahari.

Malalamiko ya wananchi yalifika kabla yake. Yalikuwa na saini thelathini na moja, na yakawa malalamiko ya kwanza tangu uhuru kushughulikiwa siku ile ile.

"Hukupiga hodi," alisema Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, ningepiga wangepoza nyumba."

"Kwa hiyo unakiri kwamba nyumba zinaweza kupoa."

"Mheshimiwa, ni arobaini na tatu. Wamekaa wameweka miguu ndani ya ndoo."

"Binti," alisema Mkurugenzi, na sauti yake ilijaa uchungu wa kweli, "joto hili limepatikana bila adabu. Siwezi kulipokea. Leo tukipokea joto lisilo na adabu, kesho tutapokea njaa isiyo na adabu." Akazipiga mhuri karatasi zote, moja moja, BATILI. Alimwachisha Siwema kazi, akachukua cheti chake cha chuo kikahifadhiwe ukumbini kisiharibiwe na joto.

"Bibi yangu yuko sakafuni," alisema Siwema. "Hali wala hazungumzi vizuri. Mlango ule uko hatua mia moja na kumi na mbili."

Mkurugenzi aliinua mkono. Hakuwa mtu mbaya. Ofisini mwake palikuwa na picha ya mama yake. Akafungua mwongozo ukurasa wa mia mbili na kumi. "Kiko kifungu cha huruma. Nyumba moja ikithibitika kuwa na nyuzi arobaini au zaidi, mbele ya mpima aliyepokelewa kwa heshima, mkongwe mmoja ataingizwa ukumbini ndani ya siku kumi na nne za kazi. Nitamtuma mpima mpya Alhamisi ijayo. Mpokeeni vizuri."

*

Alhamisi Siwema aliamka mapema, akaficha ndoo. Akaficha tambara la deki. Kanga zote mbili za bibi alizikunja akazikalia.

Ikakaribia saa saba. Bi Kidawa, ambaye kwa siku tatu hakuwa amejua mchana wala usiku, alifumbua macho.

"Kuna mgeni anakuja," alisema.

"Nani kakwambia, bibi?"

"Mtaa umenyamaza vingine. Ndoo iko wapi?"

"Bibi, leo nakuomba. Leo tu. Akute moto. Akiandika arobaini utaingia kwenye baridi, ulale, upone."

"Mgeni aje kwa Kidawa akute moto?" Alijiinua kwa kiwiko. "Nimezaa saba, nimezika sita. Hata siku za kuzika, aliyepita mlango huu alikunywa maji. Lete ndoo, Siwema, au nitambae niifuate."

Akaanza kutambaa. Alitambaa hatua mbili, tatu, akasimama kupumua, mkono umeshika mguu wa kiti. Siwema alilitazama jambo hilo kadiri alivyoweza. Kisha akaenda akaleta ndoo.

Mama Zawena aliingia kwa mlango wa uani, feni kwapani. Tangu Jumanne ile hakuwa amezungumza na Siwema, wala sasa hakuzungumza naye. Alimwamkia Bi Kidawa shikamoo, akaiweka feni juu ya stuli, akaielekeza kwenye kiti cha mgeni, kama inavyotakiwa. Hakuiwasha bado. Alisubiri hodi.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu," alisema Bi Kidawa, na sauti yake ilitoka nzima.

Mpima mpya aliitwa Erasto, kijana mrefu mwenye shati jipya, amemaliza chuo mwaka jana. Alivua viatu, akaamkia, akaweka kipimajoto kwenye kiti. Mama Zawena akachomeka waya. Feni ikaanza kuzunguka.

"Sasa hivi inasoma arobaini na mbili," alisema Erasto. Aliinama, akatazama tena. Alimtazama na bibi kizee aliyelala chini, kisha akatazama saa yake. "Ila mwongozo unataka dakika ishirini."

Siwema alikaa karibu na ukuta, mahali waya ulipoingia. Aliweka mkono juu yake. Lilikuwa jambo la kuvuta tu, na umeme kukatika ni jambo la kila siku katika nchi ile, hakuna ambaye angeuliza. Arobaini na mbili ingebaki arobaini na mbili. Fomu ingekwenda kwa Mkurugenzi, kisha kwa kamati, kisha kwa mtu wa funguo. Siku kumi na nne za kazi. Alianza kuzihesabu, akaongeza Jumamosi na Jumapili zake, akaongeza sikukuu ya Mabati iliyokuwa katikati. Akazilinganisha na pumzi za bibi, na alikuwa hodari wa kuhesabu.

Upepo uliokuwa ukielekea kiti cha mgeni ulipita juu ya kiti, ukagonga ukuta, ukashuka sakafuni.

"Aaah," alisema Bi Kidawa.

Nywele nyeupe zilizoshikamana na paji la uso zikainuka moja moja. Pumzi yake, iliyokuwa fupi fupi kwa wiki nyingi, ikarefuka. Ikarefuka tena. Macho yakafumba. Vidole vilivyokuwa vimekunjwa vikafunguka juu ya saruji. Alikuwa amelala, usingizi wa kweli, na mdomo wake ulitulia.

"Thelathini na tano," alisema Erasto kwa sauti ndogo. "Inashuka, dada."

Siwema aliuachia waya.

Akainuka, akamimina ukwaju, akampa mgeni kwa mikono miwili. "Karibu, kaka. Umetoka mbali?"

"Si mbali sana. Ng'ambo ya reli."

"Kwenu hawajambo? Wazazi wapo?"

"Mama yupo. Baba alitangulia."

"Pole. Hebu nieleze, alikuwa anafanya kazi gani?"

Erasto akaeleza. Baba yake alikuwa fundi wa saa, na Siwema aliuliza juu ya saa za ukutani, kisha za mkononi, kisha chuo alisomea nini, na walimu wake walikuwa nani, na je, yule wa hesabu bado anakohoa akiandika ubaoni. Dakika ishirini zikapita. Nje, nyumba ya jirani, ambako mpima angefuata, waliisubiri feni, na Mama Zawena alikuwa amesimama mlangoni kuichukua. Alimtazama Bi Kidawa. Alimtazama Siwema akimimina glasi ya tatu. Akavuta mkeka, akaketi.

"Na mimi nimiminie," alisema. "Wataningoja."

Erasto alitazama kipimajoto, akashusha pumzi, akafungua kalamu. "Dada, samahani. Imefika ishirini na nane. Inabidi niandike hiyo."

"Andika, kaka," alisema Siwema. "Lakini usiandike upesi."